Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Kazi za U2: Ipeni Albamu ya Pop Toleo Linaloistahili

Kwa: Uongozi wa bendi ya U2, kampuni ya rekodi yenye haki ya kuzitoa kazi zake, na wote waliokabidhiwa hifadhi ya tepu zake.

YAH: OMBI LA TOLEO KAMILI LA ALBAMU YA POP IFIKAPO TAREHE 3 MACHI 2027

Waheshimiwa,

Baada ya salamu, tunaomba tuingie moja kwa moja kwenye jambo lililotufanya tuandike. Tarehe 3 Machi 2027 Pop, albamu ya U2, bendi ya roki kutoka Ireland, itatimiza miaka 30 tangu itoke, na sisi mashabiki tunaoipenda hatujaona bado ikipewa toleo maalumu la kumbukumbu kama zile zilizotangulia na zile zilizofuata. The Joshua Tree ilipata lake mwaka 2007, kisha jingine mwaka 2017. Boy, October na War zilishughulikiwa mwaka 2008, The Unforgettable Fire mwaka 2009, na mwaka 2011 ikaja zamu ya Achtung Baby, ambayo kasha lake kubwa liliibeba na Zooropa ndani yake. All That You Can't Leave Behind ikafuata mwaka 2020 na How to Dismantle an Atomic Bomb mwaka 2024. Kati ya albamu za studio ambazo bendi ilizitoa kwa jina lake katika miaka ya 1990, ni Pop peke yake iliyorukwa. Tunafahamu kwamba santuri yake ilichapwa upya mwaka 2018, na tulilipokea jambo hilo kwa furaha, ila kuchapa upya kile kilichokwisha kusikika ni kazi moja, na kufungua hifadhi ili wasikilizaji waelewe kazi ilivyozaliwa ni kazi nyingine kabisa. Ni hii ya pili tunayoiomba.

Tunajua sababu ambazo hutajwa kila suala hili linapozuka. Ya kwanza ni mauzo: nchini Marekani Pop iliishia kwenye cheti kimoja cha platinamu, ilhali Achtung Baby ilifikisha vinane. Ya pili ni nzito zaidi, kwa sababu inatoka kwa wanamuziki wenyewe. Wanabendi wamerudia mara nyingi kusema kwamba hawakupata muda wa kuimaliza albamu hii, na Bono, mwimbaji wao, alifikia hatua ya kuifananisha na rekodi za majaribio zilizogharimu fedha nyingi kuliko nyingine zote katika historia ya muziki. Tunaiheshimu kauli yao, kwa kuwa aliyeifanya kazi huziona kasoro zake kwa ukali ambao msikilizaji hana. Hata hivyo, kauli hiyo imekaa hewani muda mrefu kiasi kwamba imegeuka kuwa hukumu, na hukumu imesikika kuliko muziki. Msikilizaji aliyezaliwa baada ya mwaka 1997 hukutana kwanza na habari za kushindwa, ndipo baadaye, akibahatika kuwa mdadisi, akutane na nyimbo. Mara chache mtu humwambia kwamba albamu hii ilipotoka ilishika namba moja Uingereza, Marekani na katika nchi nyingine nyingi, kwamba singo yake ya kwanza, Discothèque, ilishika namba moja Uingereza, au kwamba wahakiki wengi wa wakati ule waliisifu. Sifa mbaya iliyoiandama ilijengwa baadaye, na sehemu kubwa ya sifa hiyo haihusu kilichomo ndani ya albamu, bali kalenda iliyoizunguka.

Kalenda hiyo inafaa kuelezwa kwa utulivu. Matayarisho yalipoanza mwaka 1995, Larry Mullen, mpiga ngoma wao, alikuwa na tatizo la mgongo lililomsumbua kwa miaka mingi, na likamlazimu kufanyiwa upasuaji. Wenzake hawakusimama kumsubiri. Mpiga gitaa The Edge, pamoja na watayarishaji Nellee Hooper na Howie B, waliendelea kujenga nyimbo juu ya midundo ya mashine na vipande vya sauti vilivyokatwa na kurudiwarudiwa, na mpiga ngoma aliporejea mwaka 1996 alikuta nyumba imekwisha kuwekewa misingi ambayo yeye hakuwapo ilipochimbwa. Ilibidi sehemu nyingi zipigwe upya kwa mikono ya watu, kisha zichanganywe na zile za mashine, chini ya Flood, Howie B na Steve Osborne, watayarishaji watatu wenye masikio matatu tofauti. Bendi ilifanya kazi Dublin, ikaenda Miami kutafuta hewa nyingine, ikarudi Dublin. Wakati huohuo meneja wao wa miaka hiyo, Paul McGuinness, alikuwa amekwisha kuruhusiwa kuanza kupanga tarehe za ziara ya PopMart. Albamu iliyotarajiwa kutoka mwishoni mwa mwaka 1996 ikasogezwa hadi Machi 1997, lakini viwanja vilikuwa vimekwisha kukodiwa na ziara haikuweza kusogezwa. Muda uliokuwa umetengwa kwa mazoezi ukaliwa na studio.

Simulizi za siku zile za mwisho zinajulikana kwa wengi wetu. Kibwagizo cha Last Night on Earth kilipatikana usiku wa mwisho wa kurekodi, karibu saa kumi za usiku, sauti ya Bono ikiwa imekwisha kukauka, hata ikabidi ifunikwe kwa mwangwi mzito na kusaidiwa na sauti ya The Edge. Nyongeza nyingine ziliingizwa hadi kwenye hatua ya kusawazisha sauti kabla ya kuchapwa, hatua ambayo kwa desturi hakuna tena anayegusa ala. Sisi hatuoni aibu yoyote katika masimulizi haya. Tunachoona ni wanamuziki wanne waliokuwa wamefika kileleni kabisa, ambao wangeweza kurudia kile walichokwisha kukifaulu na kulipwa kwa kukirudia, wakaamua kuingia mahali pasipojulikana na kubaki humo hadi saa yao ilipokwisha. Bendi chache za kiwango hicho zimewahi kujiweka katika hatari ya namna hiyo mbele ya dunia nzima.

Sasa tuizungumzie albamu yenyewe, maana barua nyingi za namna hii huzungumza mno kuhusu haki na makasha, zikasahau muziki.

Pop ina nyimbo kumi na mbili na huchukua muda wa saa moja hivi. Wanaoiita albamu ya dansi wamesikiliza nyimbo tatu za mwanzo wakaondoka. Discothèque, Do You Feel Loved na Mofo zinakuja kwa kishindo, zimejaa besi nzito na gitaa lililobadilishwa hata likafanana na king'ora, lakini kuanzia wimbo wa nne taa zinaanza kupunguzwa moja baada ya nyingine. If God Will Send His Angels inauliza maswali ya mtu aliyekata tamaa na dini inayouzwa kwenye televisheni. Staring at the Sun inajificha ndani ya melodia nyepesi ilhali maneno yake yanahusu watu walioamua kutoona. Ukifika If You Wear That Velvet Dress sauti imeshuka hadi kuwa mnong'ono, na baada yake zinabaki Please na Wake Up Dead Man, nyimbo mbili za maombi ambazo hazina mapambo kabisa. Anayeisikiliza kuanzia mwanzo hadi mwisho anatembezwa kutoka kwenye ukumbi wa dansi hadi kwa mtu aliyepiga magoti peke yake. Mpangilio huo haukutokea kwa bahati. Ni mojawapo ya safari zilizopangwa kwa ujasiri mkubwa katika kazi zote za bendi hii, na umaliziaji uliokosekana hapa na pale haukuiharibu.

Tunaomba muisikilize upya Mofo. Kwa juu ni wimbo wa mashine, wenye mdundo unaokimbia na besi ya Adam Clayton iliyopitishwa kwenye vichujio hadi ikawa na ukali wa msumeno. Chini ya kelele hiyo yupo mtoto anayemwita mama yake. Iris, mama yake Bono, alianguka siku ya mazishi ya baba yake mzazi mwezi Septemba 1974 na akafariki siku chache baadaye, mwanawe akiwa na umri wa miaka 14. Larry Mullen naye alimpoteza mama yake akiwa bado kijana. Bendi hii ilikwisha kumwimba mama aliyeondoka tangu kwenye albamu yake ya kwanza, lakini haikuwahi kumwimba hivi, kwa maswali yasiyo na staha, katikati ya mdundo ambao watu waliuchezea bila kujua wanachezea nini. Kila usiku wa PopMart huo ndio uliokuwa wimbo wa kwanza kupigwa. Kuufungulia onyesho lililojaa rangi na taa kwa kilio cha yatima ni uamuzi wa kisanii wa hali ya juu, na hatujawahi kuona maandishi rasmi ya bendi yaliyouchambua inavyostahili.

Halafu ipo Please, wimbo ambao peke yake ungetosha kuwa sababu ya ombi letu. Uliandikwa wakati mazungumzo ya amani ya Ireland ya Kaskazini yakiwa yameyumba: Februari 1996 kundi la wapiganaji la IRA lilivunja usitishaji wa mapigano kwa bomu la Docklands jijini London, na mapigano hayakusitishwa tena hadi Julai 1997, miezi minne baada ya albamu kutoka. Wimbo hauchagui upande. Unamsihi mtu ambaye imani yake imekuwa ngumu kuliko huruma yake ashuke kutoka alikopanda. Ulipotolewa kama singo baadaye mwaka huo, jalada lake lilibeba nyuso za wanasiasa wanne waliokuwa katikati ya mgogoro: Gerry Adams, David Trimble, Ian Paisley na John Hume. Makubaliano ya amani ya Ijumaa Kuu yalitiwa saini tarehe 10 Aprili 1998. Tarehe 19 Mei mwaka huohuo, siku tatu kabla ya kura ya maoni kuhusu makubaliano hayo, U2 walipanda jukwaani katika ukumbi wa Waterfront mjini Belfast, na Bono akaiinua juu mikono ya Trimble na Hume, watu wawili kati ya wale wanne wa kwenye jalada. Picha ile imezunguka dunia nzima. Wimbo uliowasihi viongozi hao kabla hawajafika hapo unajulikana na wachache mno, na hili linatuuma.

Zaidi ya hapo, Please ni ushahidi wa jambo ambalo tungependa mlitafakari. Kwenye albamu unasikika kama wimbo unaojizuia. Kwenye jukwaa ulifunguka. Larry aliuongezea mdundo wa kijeshi uliowakumbusha watu Sunday Bloody Sunday, The Edge akaliachia gitaa lake lilie hadi mwisho, na kutoka hapo bendi ikaingia Where the Streets Have No Name bila kupumzika. Rekodi ya Rotterdam iliyotolewa mwaka 1997 pamoja na singo hiyo inauhifadhi muungano huo, na wengi wetu huitaja pale tunapoulizwa ni lini bendi hii ilipiga vizuri zaidi. Gone nayo ilikua kwa njia hiyohiyo. Staring at the Sun, iliyowashinda usiku wa kwanza kabisa wa ziara hadi wakaisimamisha na kuianza upya mbele ya watu, ilivuliwa vyombo vyote ikabaki na Bono na The Edge na magitaa yao, ikawa wimbo mwingine. Maana yake ni kwamba mwaka 1997 kazi ya kuimaliza Pop haikukoma studio zilipofungwa. Iliendelea viwanjani, usiku baada ya usiku, na umaliziaji huo upo kwenye tepu zenu.

Hapa tunagusa PopMart, na tutaigusa kwa kifupi, kwa sababu mambo yake ya nje yamesimuliwa kupita kiasi. Tao la manjano, skrini iliyokuwa kubwa kuliko zote zilizowahi kubebwa kwenye ziara hadi wakati huo, limau kubwa la vioo lililoibeba bendi na likagoma kufunguka Oslo mwezi Agosti 1997, yote hayo yanakumbukwa na kila mtu. Onyesho la kwanza, la Las Vegas tarehe 25 Aprili, lilifanywa na bendi iliyokosa mazoezi, na magazeti ya Marekani yaliyaandika yaliyoonekana usiku ule kana kwamba ndiyo yangekuwa ya mwaka mzima. Kufikia Septemba, huko Reggio Emilia nchini Italia, walikuwa wanapiga mbele ya watu wapatao 150,000. Mwanzoni mwa mwaka 1998 walifika Amerika ya Kusini kwa mara ya kwanza katika historia yao, kisha wakaifunga ziara Johannesburg tarehe 21 Machi. Nyimbo za Pop zilizopigwa katika miezi hiyo ya mwisho hazifanani na zile za Las Vegas, na asiyezisikia hawezi kutoa hukumu ya haki juu ya albamu hii.

Onyesho moja, hata hivyo, hatuwezi kulipita kwa haraka. Tarehe 23 Septemba 1997 bendi ilipiga katika uwanja wa Koševo mjini Sarajevo, miaka isiyofika miwili tangu vita vya Bosnia vimalizike. Watu wapatao 45,000 walikusanyika, wengine wakifika kwa treni zilizorejeshewa safari zake kwa ajili ya usiku huo, kutoka pande ambazo muda mfupi kabla zilikuwa zikipigana. Bono alikuwa amepoteza sauti. Walioimba ni watu wa uwanjani. The Edge alisimama peke yake akaiimba Sunday Bloody Sunday taratibu, katika mji ambao haukuhitaji kuelezwa maana yake. Larry Mullen amewahi kusema kwamba hata kama miaka yake yote ndani ya bendi ingekuwa kwa ajili ya onyesho lile tu, angeona imelipa. Mwaka 2023 ilitoka filamu ya kumbukumbu kuhusu uhusiano wa bendi na mji huo, na watu wengi wakausikia mkasa huo kwa mara ya kwanza. Lakini nyimbo zilizopelekwa Sarajevo usiku ule zilikuwa za ziara ya Pop. Inawezekanaje tukio litambuliwe kuwa kilele cha maisha ya bendi, na albamu iliyolileta iendelee kutajwa kama kosa?

Tunafika kwenye kiini cha ombi, na hapa tunaomba mtusome kwa makini, kwa kuwa mashabiki wenyewe hatukubaliani wote. Wapo wenzetu wanaotaka nyimbo zote kumi na mbili zichanganywe upya, na toleo jipya likae mahali pa lile la 1997. Wana hoja. Bendi yenyewe ilianza kuzishughulikia upya nyimbo hizi mapema: singo za Please, Last Night on Earth na If God Will Send His Angels zilitofautiana na zilivyo kwenye albamu, na mkusanyiko wa mwaka 2002 wa nyimbo za 1990 hadi 2000 uliingiza Discothèque, Gone na Staring at the Sun zikiwa zimechanganywa upya. Tunazisikiliza hizo, na Gone ya mwaka 2002 ina nguvu ambayo hatuikani. Hata hivyo tunapinga kwa dhati wazo la kulifuta toleo la mwanzo. Miksi za mwaka 2002 zilipunguza ule ugeni wa mashine, zikaleta gitaa mbele, na katika kufanya hivyo zikawa kama zinaomba msamaha kwa niaba ya albamu. Sisi hatutaki iombewe msamaha. Sauti ya Bono iliyokauka kwenye Last Night on Earth ni sehemu ya wimbo huo sasa. Imekaa masikioni mwetu kwa karibu miaka 30, na tukiipoteza tutakuwa tumepoteza ukweli wa usiku ule.

Kwa hiyo tunachoomba ni vyote viwili vikae pamoja. Albamu ya 1997 itengenezwe sauti upya kutoka kwenye tepu zake asilia, bila kubadilisha miksi hata moja. Pembeni yake ziwekwe miksi zote zilizokwisha kutolewa, ambazo leo zimetawanyika kwenye singo zisizopatikana tena madukani. Na kama wanabendi wanaona bado kuna nyimbo ambazo wangependa kuzimaliza wanavyotaka wao, wazimalize, wazitoe kwenye diski yake yenyewe yenye mwaka wake wa kweli juu yake, ili msikilizaji ajue anasikia mawazo ya watu wazima wakizungumza na ujana wao. Walikwisha kuonyesha kwamba hawaogopi kufanya hivyo pale waliporekodi upya If God Will Send His Angels kwa ajili ya mkusanyiko wa Songs of Surrender mwaka 2023.

Ziunganishwe pia nyimbo za upande wa pili wa singo za wakati huo, ambazo nyingine ni nzuri kuliko nusu ya nyimbo zinazojaza albamu za watu wengine: Holy Joe, North and South of the River waliyoiandika pamoja na mwimbaji Christy Moore, I'm Not Your Baby, na Two Shots of Happy, One Shot of Sad iliyoandikwa kwa kumkusudia Frank Sinatra. Tungependa kusikia hatua za awali za nyimbo kama Wake Up Dead Man, ambayo ilikwisha kushughulikiwa katika vikao vya Zooropa, na ile midundo iliyojengwa Larry akiwa bado anauguza mgongo, kabla mikono yake haijaigusa. Hatuhitaji kila kitu. Tunahitaji vya kutosha kuuona mwendo wa kazi.

Kuhusu jukwaa, onyesho la Mexico City la Desemba 1997 lilitoka kwenye kanda za video mwaka 1998, likatoka kwenye DVD mwaka 2007, na mwaka 2021 likaonyeshwa mtandaoni kwa muda mfupi likiwa limesafishwa. Litolewe sasa kikamilifu, kwa sauti na picha ya kiwango cha leo, na libaki likipatikana. Na kama ipo rekodi ya Sarajevo inayofaa kusikilizwa, hata yenye sauti iliyokwaruza, tunaomba itoke bila kurembwa. Hakuna atakayeisikiliza ili aikosoe sauti ya Bono.

Lipo pia ombi la kiufundi. Matoleo mengi ya kumbukumbu ya miaka ya karibuni hukandamizwa sauti ili yasikike makubwa kwenye simu na magari, na matokeo yake ni kwamba sehemu za chini na za juu hulingana, masikio yakachoka kabla ya nusu. Pop haiwezi kuvumilia matendo hayo. Uzuri wake mkubwa uko kwenye tofauti kati ya kishindo cha Mofo na mnong'ono wa If You Wear That Velvet Dress, na tofauti hiyo ikisawazishwa, ile safari tuliyoieleza hapo juu haitakuwapo tena. Akabidhiwe mtu mwenye subira, apewe muda. Itakuwa ajabu albamu iliyoumizwa na haraka ikihudumiwa tena kwa haraka.

Maandishi yatakayoambatana nayo yasiwe ya kujitetea wala ya kusifu. Waulizwe waliokuwamo: Flood, Howie B, Steve Osborne, na wahandisi wa sauti ambao majina yao huandikwa kwa herufi ndogo ingawa ndio waliokesha na kazi hiyo. Wanabendi wenyewe waeleze walichokusudia, wimbo kwa wimbo, pamoja na pale ambapo hawakufika. Tungependa zaidi ya yote kumsikia Larry na Adam, kwa maana historia ya albamu hii imesimuliwa zaidi na wenzao wawili, na ni ngoma na besi zilizobeba mzigo wa kuunganisha mashine na watu.

Tunaandika sasa, wala hatungoji mwaka wenyewe ufike, kwa sababu mbili. Kazi ya namna hii huhitaji muda mrefu wa kutafuta tepu, kuzihakiki na kupata ridhaa za wote wanaohusika. Tena, tepu za sumaku huchakaa. Gundi yake hufyonza unyevu, baadhi huhitaji kupashwa joto kwa uangalifu kabla ya kuchezwa, na mitambo ya miaka ya 1990 inayoweza kuzisoma, hasa zile za kidijitali za kizazi cha kwanza, inazidi kuwa adimu pamoja na mafundi wanaoijua. Kinachoweza kuokolewa kwa urahisi leo kitakuwa kigumu baada ya miaka kumi. Hata kama hamtafikia uamuzi wa kutoa toleo tunaloliomba, tunawasihi tepu za Pop na za PopMart zihamishwe na kuhifadhiwa mapema, zikiwamo zile za usiku ambao haukudhaniwa kuwa muhimu.

Tupo tayari kusaidia kwa tunachoweza. Miongoni mwetu wapo waliokusanya singo za nchi mbalimbali, tiketi, mabango na rekodi za redio za miaka ile, na watavitoa kwa hiari vipigwe picha au vinakiliwe ikiwa hifadhi yenu ina mapengo. Hatudai malipo wala kutajwa majina. Tunaomba tu mtujibu, kwa taarifa fupi ya wazi itakayosema kama tarehe 3 Machi 2027 imo kwenye mipango yenu au haimo, na kama haimo, ni nani tunayepaswa kuendelea kuzungumza naye.

Wenu waaminifu,

Mashabiki wa U2 wanaoendelea kuisikiliza Pop